Sehemu ya 11: Foleni ya Mbagala kwenye kadi ya mtoto wa Lupaso



Leo tuongee foleni. Najua kuna mtu ameshacheka. Sista wa Lupaso na foleni, wapi na wapi? Hapa kwetu kinachosimamisha gari ni mbuzi, tena wakishavuka safari inaendelea. Lakini subiri kidogo. Mimi nasema foleni ya Dar es Salaam inafika Lupaso, na huwa naiona kwa macho. Inafika na basi la Masasi, imebebwa mgongoni kwa kanga, ina miezi saba na mkononi imeshika biskuti.

Unawajua hawa watoto. Kila kijiji cha Kusini kinao. Mama yuko Mbagala, mtoto yuko kwa bibi. Bibi anakuja kliniki na kadi iliyoanzia Dar. Ukiifungua kadi, mstari wa uzito unapanda vizuri mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne unalala. Wa tano unalala. Wa sita unaanza kushuka. Ukimuuliza bibi kulikoni, jibu lake karibu siku zote ni moja: "Maziwa ya mama yake yalikata."

Nimelisikia mara nyingi mno. Na binti akija likizo ukimuuliza yeye, anainamisha kichwa. "Sista, mimi nadhani sina maziwa mengi. Mwili wangu dhaifu."

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Kwa sababu wengi wa hawa mabinti miili yao haina udhaifu wowote. Kuna kitu kingine kimewakuta, na kwa kuwa hakuna aliyekipima, wamebebeshwa wao lawama.

Nisikilize nikusimulie siku ya binti mmoja. Huyu nimemchanganya kutoka kwa wengi, maana kadi ya mtu ni siri yake. Anaishi Mbagala, anauza kwenye duka la watu Kariakoo, siku sita kwa wiki. Anaamka saa tisa na nusu usiku. Saa kumi na nusu yuko kituoni. Jioni duka linafungwa saa kumi na moja na nusu, yeye anafika nyumbani saa mbili kasoro au saa mbili juu ya alama. Mtoto ameshalala. Anamtazama, anafua nepi, analala. Kesho tena.

Nilimwambia tuhesabu. Jumapili asubuhi mapema, barabara ikiwa tupu, unatumia muda gani kutoka kwako mpaka Kariakoo? Akasema dakika thelathini na tano. Na siku ya kazi? Saa mbili, kwenda saa mbili na kurudi saa mbili.

Sasa toa. Dakika 120 ukitoa 35 zinabaki 85. Kwenda na kurudi ni 170. Hizo dakika 170 hazihusiani na umbali wala na kazi. Ni foleni tupu. Zidisha kwa siku sita, unapata dakika 1,020, yaani saa 17 kila wiki.

Mtoto mdogo akinyonya vizuri anaweza kuchukua kama dakika 20. Gawanya mwenyewe 170 kwa 20. Ni kunyonyesha mara nane kwa siku, kumebaki barabarani.

Na maziwa ya mama, hili nimelisema tangu Sehemu ya 2 na nitalisema mpaka nistaafu, yanatengenezwa kadiri yanavyonyonywa. Ziwa linalonyonywa mara kwa mara linajaa. Ziwa linalokaa saa kumi na tano bila kunyonywa wala kukamuliwa linapokea ujumbe kwamba mtoto hayupo, punguza. Likipunguza, tunasema mama hana maziwa. Anayo, mama yangu. Kilichokosekana ni saa.

Sasa twende kwenye upande wa pili wa hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hawafiki.

Ukikaa kwenye foleni unajiona wewe ndiye unayeumia. Ni kweli unaumia. Lakini wachumi wana jina la sehemu nyingine ya maumivu hayo: gharama za nje. Maana yake ni gharama unazozisababisha wewe lakini anazilipa mtu mwingine, tena bila kuulizwa.

Tuseme barabara imejaa magari elfu moja yanayosogea kwa kujivuta. Linaingia la elfu moja na moja. Tuseme linamchelewesha kila aliyemo kwa sekunde tatu tu. Sekunde tatu nani anazisikia? Hakuna. Ila zidisha kwa magari elfu moja: sekunde 3,000, yaani dakika 50 za binadamu zimepotea kwa sababu ya gari moja. Na hapo nimehesabu mtu mmoja kwa kila gari. Likiwamo basi lililojaa, mahesabu yanakimbia. Mwenye gari lile la mwisho yeye anaona kuchelewa kwake mwenyewe tu. Zile dakika 50 za wenzake hazimo kwenye hesabu yake. Si mtu mbaya. Hakuna anayemletea ankara.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1920 mchumi wa Uingereza, Arthur Pigou, alilieleza kwa mfano wa mikokoteni na barabara mbili. Alisema ukihamisha mikokoteni michache kutoka barabara iliyosongamana kwenda ile nyingine, waliobaki wanapata nafuu kubwa, na wale wa barabara ya pili wanasumbuka kidogo tu. Lakini ukiwaacha watu wenyewe hawahami, kwa sababu kila mmoja anatazama usumbufu wake. Miaka 100 na zaidi imepita, mikokoteni imekuwa daladala na magari madogo, hesabu ni ile ile.

Watu wazima wa Kusini hamna haja ya kufundishwa hili. Mnaikumbuka Ndundu. Kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar ilisimama mtoni, mnasubiri kivuko. Mvua ikikolea, kusubiri kwenyewe kulikuwa kwa siku. Kuna waliougulia pale, kuna waliolala na watoto wachanga ndani ya basi. Daraja lile linaitwa Mkapa, jina la mtoto wa Lupaso hii hii, na hapa kwetu ndipo alipozikwa Julai 2020. Na vijana ambao hamkuiona Ndundu, mnaikumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika kule Somanga. Mizigo ilikwama, wagonjwa walikwama. Gari lililosimama halimsimamishi dereva peke yake. Linamsimamisha na anayesubiri mbele, ambaye hata hajui gari lenyewe liko wapi.

Basi rudi kwa mtoto wetu wa miezi saba. Nani amelipa foleni ya Mbagala?

Mama amelipa maziwa na usingizi. Mtoto amelipa uzito. Baba amelipa maziwa ya kopo, na ninyi mnajua bei yake. Na bibi? Bibi amelipa msimu. Korosho zinadondoka, zinataka kuokotwa kila siku zisiharibike, na yeye mgongoni ana mtoto anayeharisha. Anaokota nusu ya alizokuwa anaokota mwaka juzi. Hizo korosho ambazo hazikuokotwa Lupaso ni gharama ya foleni ya Dar. Bibi hajawahi kukaa kwenye foleni hiyo hata siku moja.

Mtu ataniuliza, sista, haya mambo ya afya yanapimika kweli? Au ni maneno ya kliniki?

Yanapimika. Nikupe kipimo kimoja ambacho mimi nikikifikiria kama mkunga huwa kinanisisimua.

Kule Marekani, kwenye majimbo ya New Jersey na Pennsylvania, kuna barabara kubwa za kulipia. Zamani magari yalipanga foleni kwenye kibanda cha ushuru, moshi unafuka. Baadaye wakaleta kifaa cha E-ZPass: unakibandika kwenye kioo, gari linapita, ushuru unakatwa wenyewe. Foleni ya vibandani ikapungua. Watafiti wawili, Janet Currie na Reed Walker, wakafungua kumbukumbu za watoto waliozaliwa. Wakalinganisha mama waliokuwa wanaishi ndani ya kilomita 2 kutoka kwenye vibanda na wale wa mbali zaidi, kilomita 2 hadi 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kwa wale wa karibu, watoto njiti walipungua kwa karibu asilimia 11, na waliozaliwa na uzito pungufu kwa karibu asilimia 12.

Soma tena polepole. Hakuna aliyewapa wale mama dawa. Hakuna aliyewaongezea kidonge. Foleni ilipungua, watoto wakakaa tumboni mpaka wakati wao.

Kingine ni Stockholm, Sweden. Mwaka 2006 walijaribu kutoza magari yanayoingia katikati ya mji, na mwaka 2007 wakalifanya la kudumu. Hewa ikawa safi zaidi, na watafiti walipowafuatilia watoto wadogo wakakuta mashambulizi makali ya pumu yamepungua. Nafuu yenyewe haikuja yote siku moja, ilizidi kadiri muda ulivyokwenda. Singapore walianza kutoza mwaka 1975, London mwaka 2003. Wote walikuwa wanajaribu kitu kimoja: kumletea ankara yule anayezisababisha zile dakika 50.

Na London hiyo hiyo kuna habari ya mtoto, nayo naiandika kwa heshima. Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki Februari 2013 akiwa na miaka 9, kwa pumu. Nyumba yao ilikuwa karibu na barabara kubwa yenye magari mengi. Mama yake, Rosamund, hakukubali habari iishie kwenye neno pumu. Alipigania miaka na miaka. Desemba 2020 afisa wa uchunguzi wa vifo akatamka rasmi kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha Ella. Ikaandikwa kwenye karatasi.

Kwa nini nakuambia haya ya mbali? Kwa sababu ya hilo neno: ikaandikwa. Gharama isiyoandikwa haipotei, jamani. Inatafuta mtu wa kuibeba, na mara nyingi inampata mama. Ataambiwa hana maziwa. Ataambiwa hakumfunika mtoto, ndiyo maana anakohoa. Ataambiwa amemtelekeza kwa bibi. Na yeye ataamini.

Kwa hiyo kazi ninayokupa leo ni kupima. Haihitaji chuo. Inahitaji daftari na kalamu.

Kwanza, wewe unayefanya kazi mjini. Kwa wiki moja andika saa unayotoka, saa unayofika, saa unayorudi. Linganisha na siku barabara ikiwa tupu. Ile tofauti ndiyo foleni yako. Ukiipata, mwonyeshe mumeo. Mwonyeshe mama mkwe anayesema huna maziwa. Na mwonyeshe mwajiri, maana sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inakupa wewe unayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kwenda kumnyonyesha mtoto. Najua kutoka Kariakoo kwenda Mbagala kunyonyesha na kurudi ndani ya saa mbili haiwezekani, foleni imeshazila. Basi zungumza naye kwa adabu: naomba saa zangu nizitumie mwisho wa siku, niwahi kuondoka kabla barabara haijafunga. Au naomba sehemu yenye staha ya kukamua. Si kila bosi atakubali. Lakini mwenye daftari anasikilizwa kuliko mwenye malalamiko.

Pili, kamua. Kamua kabla ya kutoka, kamua kazini hata kama utamwaga, ili ziwa lisipokee ule ujumbe wa kupunguza. Joto la Dar linaharibu maziwa mapema, kwa hiyo ulizia kliniki yako namna ya kuyahifadhi kulingana na vifaa ulivyo navyo. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kisafi, chupa na chuchu ni ngumu kusafisha. Usiku ukirudi, lala na kunyonyesha. Nepi zifuliwe na mwingine. Baba, nimekuona.

Tatu, mjamzito. Usipange safari ya kwenda kujifungua kwa kupima saa nzuri. Pima saa mbaya. Uchungu hauchagui Jumapili alfajiri. Siku moja kabla ya mwezi wa tisa, mwambie mtu wa nyumbani apite njia hiyo saa kumi na mbili jioni, aone inachukua muda gani mpaka hospitali uliyopangiwa. Kama ni saa mbili, basi mipango yako yote ianzie kwenye saa mbili: nani atakuleta, kwa usafiri upi, fedha iko wapi, na kama kuna ndugu anayeishi karibu na hospitali ambaye unaweza kuhamia kwake wiki za mwisho. Damu ikitoka, foleni haikusubiri.

Nne, kifua cha mtoto. Mtoto anayeishi au kushinda kando ya barabara iliyosongamana anavuta moshi siku nzima, na urefu wake ni sawasawa na bomba la gari. Kama unafanya biashara kando ya barabara, jitahidi mtoto asikae nawe mbele pale, akae nyuma, mbali kadiri unavyoweza. Akikohoa, mpime pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa au simu, hesabu kifua kinavyopanda. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka kumi na moja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Ukifikia namba hizo, au kifua kinabonyea kwa ndani akivuta hewa, au hawezi kunyonya, acha mafuta ya kuchua, acha dawa za duka, nenda kituo cha afya muda huo huo.

Tano, mabibi wa Lupaso, Newala, Tandahimba na Masasi mnaosomewa posti hizi na wajukuu. Mtoto akiletwa, mleteni kliniki wiki hiyo hiyo na kadi yake. Msimwanzishie uji wa mahindi mtupu. Tuongee kuhusu karanga, mboga, dagaa, yai, vile tunavyovipata hapa. Mstari uliolala unaamka, nimeuona ukiamka mara nyingi. Na mkiongea na binti yenu kwa simu, naomba lile neno la maziwa kukata mliache. Mwambieni: mwanangu, foleni imekula saa zako, njoo tupange upya.

Nasi huku lami inatusogelea. Barabara ya kutoka Mnivata kupita Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 160, ni baraka tuliyoiomba muda mrefu, maana mama wa kujifungua anayetoka uwanda wa juu kwenye vumbi na makorongo anajua alichoteseka. Lakini barabara nzuri inaita magari, na magari yanaita vibanda, na vibanda vinaita watoto. Tukiwa bado tuna nafasi na ardhi, tuweke gulio, shule na sehemu za kuchezea watoto mbali kidogo na ukingo wa barabara. Mbagala hawakupata muda wa kufikiri hilo. Sisi tunao.

Wiki hii andika daftari lako, siku sita tu. Kisha niandikie namba moja: dakika zako za foleni kwa siku. Usiniandikie jina la mtaa wala la mwajiri. Namba tu, na umri wa mtoto. Tutazijumlisha hapa pamoja, kila mtu aone ukubwa wa mzigo tuliokuwa tunauita udhaifu wa mama.

Sehemu ya 12 tutaongelea kuanzisha vyakula vya nyongeza, na namna ya kupika uji wenye nguvu kwa vitu vilivyopo shambani. Mtumie posti hii mama mwenzio aliyeko mjini. Najua ataisoma akiwa kwenye foleni.

Sista wenu, Lupaso.